Je, chawa wa kichwani wanaweza kushuka mwilini?

*"Binti yangu wa miaka 8 alirudi kutoka shule na chawa kichwani, na sasa mdogo wake wa miaka 5 naye anajikuna. Shangazi yao ananiambia nisipowanyoa upesi chawa watashuka kwenye nguo, kisha wafike sehemu za siri, na hapo nyumba nzima itaambukizwa. Jirani anasema wametoka kwa mbwa wetu. Nilipaka mafuta ya taa mara moja, mtoto akalia kwamba anaungua, nikaacha. Je, ni kweli chawa huanza kichwani wakaenea mwili mzima? Na kama sivyo, kwa nini wadudu wanaofanana hivi wakae kila mmoja mahali pake? Nichome magodoro?"*

Mama, pole kwa usumbufu, na umefanya vizuri kuacha mafuta ya taa. Usiyarudie. Yanachoma ngozi, mvuke wake ni sumu kwa mtoto, na yakikaribia moto kichwa cha mwanao kinaweza kuwaka. Magodoro yaache yalivyo, na mbwa hana hatia.

Jibu la swali lako kubwa ni hapana. Chawa wa kichwani hawateremki hadi sehemu za siri, hata wakiachwa mwaka mzima. Shangazi anaona chawa kama mdudu mmoja anayezurura mwilini, leo yupo juu, kesho yupo chini. Wengi hudhani hivyo, na ndiyo sababu watu hunyoa, huchoma na kupulizia sumu mahali ambapo chawa hayupo. Ukweli ni kwamba binadamu ana chawa wa namna tatu, na kila mmoja amefungwa na makao yake kwa umbo lake mwenyewe. Ukiyaelewa makao yao, utajua dawa iende wapi na isiende wapi. Kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa urefu kidogo.

Anza na yule uliye naye. Ukimkamata mmoja kwa kitana, mweke juu ya karatasi nyeupe umtazame. Ana urefu wa milimita 2 hadi 3, rangi ya majivu au kahawia, na akishakunywa damu tumbo lake huwa jeusi-jekundu. Juu ya karatasi anatembea kwa shida, anayumba. Harukii mtu wala haruki hewani, kwa kuwa hana mbawa wala miguu ya kurukia. Sasa mpe unywele. Papo hapo anabadilika, anakimbia juu yake kama mkwezi wa minazi. Chini ya hadubini utaona sababu: kila mguu kati ya sita unaishia kwenye ukucha mmoja uliopinda, na ukucha huo hujikunja kuelekea kinundu kidogo kilicho mkabala wake, kama kidole gumba na cha shahada vinavyoshika uzi. Nafasi inayobaki katikati inatoshea unywele wa kichwani. Huko Marekani imeonekana kwamba chawa wa kichwani huwapata kwa nadra zaidi watoto wenye nywele za kipilipili, na maelezo yanayotolewa ni kwamba chawa wa huko wamezoea kushika unywele wa mviringo, si uliobapa. Barani Afrika wapo wanaoshika nywele za kipilipili bila taabu. Kwa mdudu wa kiasi hiki, hata umbo la unywele ni nchi nyingine.

Mayai yake nayo yamefungwa pale pale. Jike huyagandisha kwenye unywele kwa gundi ngumu, milimita chache tu kutoka kwenye ngozi, ili joto la kichwa liyaangue baada ya siku 6 hadi 9. Yeye mwenyewe hunywa damu mara kadhaa kwa siku. Akidondoka kichwani, kwa kawaida hufa ndani ya siku moja au mbili. Mdudu wa namna hii hawezi kusafiri hadi kinena kutafuta maisha mapya. Kila hatua ya kuelekea huko ni hatua ya kuacha nywele, joto na chakula.

Chawa wa sehemu za siri ni kiumbe mwingine kabisa. Ni mpana na mfupi kama kaa mdogo, na miguu yake ya nyuma ina kucha nene. Akiitanua, inafika umbali wa kama milimita 2, ambao ndio umbali uliopo kati ya unywele na unywele katika sehemu hizo. Kichwani nywele zimesongamana mno kwake. Nje ya kinena utamkuta mahali ambapo nywele ni nene na zimeachana: kwapani, kwenye ndevu, wakati mwingine kwenye kope. Mbegu yake hata haitoki kwenye ukoo wa chawa wa kichwani. Ndugu wa karibu wa chawa wa kichwani ni chawa wa sokwe, lakini ndugu wa karibu wa chawa wa kinena ni chawa wa gorila. Vinasaba vinaonyesha kwamba hao wawili walitengana miaka milioni 3 hadi 4 iliyopita, maana yake mababu zetu wa kale walimpata kwa kukaribiana na mababu wa gorila, labda kwa kulala kwenye malazi yao. Kwa hiyo mtu hapati chawa wa kinena kwa kuchelewa kutibu kichwa. Kwa watu wazima huambukizwa hasa kwa kujamiiana.

Anabaki wa tatu, chawa wa nguo, na hapa shangazi ana chembe ya ukweli, nami sitaki kuificha. Chawa wa nguo na chawa wa kichwani ni spishi moja. Maabarani wanaweza kuzaliana. Lakini chawa wa nguo haishi mwilini hasa: hukaa kwenye mishono ya nguo, hutaga mayai kwenye nyuzi za kitambaa, na huja kwenye ngozi wakati wa kunywa damu tu, kisha hurudi. Ni mkubwa kidogo na huvumilia njaa kuliko mwenzake. Jiulize basi: kabla binadamu hajavaa nguo, alikaa wapi? Hakuwepo. Watafiti wakiongozwa na Mark Stoneking nchini Ujerumani walifuata swali hilo mwaka 2003. Walipima tofauti za vinasaba kati ya chawa wa kichwani na wa nguo, wakakadiria kwamba walianza kutengana kama miaka 72,000 iliyopita. Hesabu nyingine ya mwaka 2011 iliusogeza mwanzo huo nyuma zaidi, kati ya miaka 83,000 na 170,000. Mfupa hudumu ardhini, ngozi na kitambaa huoza, na kwa hiyo chawa ametubakizia kumbukumbu ya vazi la kwanza ambayo udongo haukuitunza. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na bado habari hiyo hunisisimua.

Je, basi chawa wa wanao wanaweza kugeuka kuwa wa nguo? Watafiti waliowachunguza watu wenye chawa wa aina zote mbili kwa wakati mmoja, kichwani na kwenye nguo, walikuta makundi hayo hayachanganyiki, ingawa yako kwenye mwili uleule. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba zaidi ya mara moja katika historia kundi la chawa wa kichwani lilihamia nguoni, pale walipokuwa wengi kupita kiasi na watu wakavaa nguo zilezile kwa majuma bila kuzifua: kambini, vitani, gerezani. Mtoto anayebadilisha nguo na kuzifua kila wiki hampi chawa huyo mahali pa kuanzia. Na hapa niondoe aibu: chawa wa kichwani hafuati uchafu. Kichwa kilichooshwa asubuhi kina joto na damu sawa na kisichooshwa. Anayefuata nguo zisizofuliwa ni yule wa nguoni, na ndiye wa kuogopwa, kwa kuwa hubeba tifasi (homa kali, isichanganywe na homa ya matumbo), homa ya mahandaki na homa inayorudi-rudi. Charles Nicolle alionyesha mwaka 1909 mjini Tunis kwamba tifasi huenezwa na chawa, na mwaka 1928 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Chawa wa kichwani hukera na huondoa usingizi, lakini hahesabiwi miongoni mwa waenezaji wa magonjwa hayo.

Sasa swali lako la pili, la kwa nini kila mmoja awe na mahali pake. Nimelipenda kuliko yote. Watu wengi wakiulizwa hujibu "anafuata chakula." Lakini damu ya kichwani na damu ya pajani ni damu ileile. Chakula peke yake hakielezi chochote.

Jibu zuri kabisa lilitoka kwa njiwa. Njiwa wa kawaida ana chawa wa namna mbili ambao wote hula manyoya. Mmoja ni mwembamba na mrefu, hukaa kwenye manyoya ya bawa. Mwingine ni mnene wa duara, hukaa kwenye manyoya laini ya mwilini. Wote wawili hula yale manyoya laini. Huyo wa bawa kila akishiba anarudi bawani, mahali pasipo na chakula chake! Kwa nini? Kwa sababu ya mdomo wa njiwa. Njiwa hutumia muda mwingi kila siku akijichambua manyoya, na kila chawa anayekamatwa anasagwa. Mwembamba amepata maficho kati ya nyuzi za unyoya wa bawa: anajilaza katikati ya nyuzi mbili, mwili wake unatoshea kama sindano kwenye mshono, na mdomo unapita juu yake bila kumng'oa. Mnene huzama ndani ya manyoya laini.

Dale Clayton, Sarah Bush na wenzao katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwahamishia chawa hao kwa ndege wa aina nyingine, wakubwa na wadogo kuliko njiwa wao. Ungetarajia wafe njaa au waanguke. Hapana, walishika vizuri na wakala vizuri. Kilichowamaliza ni kujichambua kwa ndege: maficho hayakuwa kipimo chao tena. Watafiti walipoweka kipande kidogo cha chuma mdomoni mwa ndege ili ncha zake zisikutane sawasawa, asiweze kusaga chawa, wageni wale wakaishi. Kwa maneno mengine, makao ya chawa yanachorwa na adui yake kuliko chakula chake.

Kisha wakaenda mbali zaidi. Wakawaweka chawa wa bawa kwa njiwa wa kufugwa wa aina yenye mwili mkubwa sana, wakawaacha miaka 4, ambayo kwa chawa ni kama vizazi 60. Hakuna chawa aliyeamua kunenepa. Kila kizazi kilikuwa na walio wakubwa kidogo na wadogo kidogo, na wale ambao kipimo chao kilielekea maficho mapya ndio waliopona mdomoni na kuacha watoto. Mwisho wa miaka hiyo kundi zima lilikuwa limekua kwa umbo. Na hapo likatokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mada yote. Dume wa chawa huyo hujipachika chini ya jike na kumshika kwa vipapasio vyake. Dume mdogo akiwekwa na jike mkubwa, vipimo havikutani, na mayai hupungua. Hakuna aliyewakataza kuoana. Ukubwa wa unyoya ndio uliowatenganisha. Hivyo ndivyo makao yanavyoanza kuzaa spishi mpya: kwanza unatoshea mahali pako, halafu unashindwa kupatana na wa mahali pengine, na umbali unazidi kukua.

Ugumu huo wa kukutana una upande wa pili. Kimelea akiwa mchache juu ya mwenyeji mkubwa, kumpata mwenzi ni kazi ngumu. Kukaa wote kwenye kona moja ndogo kunarahisisha ndoa. Ndiyo sababu moja inayotolewa kwa minyoo midogo inayoishi kwenye matamvua ya samaki, ambapo spishi hii hung'ang'ania upinde huu wa tamvua na ile upinde ule, hata kama sehemu zilizobaki ziko wazi.

Na ushindani je? Upo, lakini watu huutia chumvi. Mwaka 1961 John Holmes aliwapa panya minyoo ya namna mbili, tegu na mnyoo mwenye kichwa cha miiba. Kila mmoja akiwa peke yake, wote hupenda sehemu ya mbele ya utumbo. Wakiwekwa pamoja, mwenye miiba hubaki mbele na tegu husukumwa nyuma. Hapo makao yamebadilika ndani ya panya mmoja, bila kusubiri vizazi. Kwa hiyo tofautisha mambo mawili: kusogezwa na jirani kwa muda, na kuumbwa kwa ajili ya mahali. Tegu alisogezwa, ila hakutoka utumboni akahamia kwenye ini. Chawa wa mwanao vivyo hivyo anaweza kusogea kutoka utosini hadi nyuma ya masikio, wala hilo halimfanyi kuwa wa kinena.

Ukitaka mfano ulio karibu zaidi, gusa pua yako. Watu wazima wengi, wenye afya kabisa, wana utitiri wa usoni wa spishi mbili. Mmoja, mrefu kidogo, hukaa kwenye shimo ambamo unywele hutokea, mara nyingi kadhaa pamoja wakiwa vichwa chini. Mwenzake mfupi huzama zaidi, kwenye tezi ya mafuta iliyo kando ya shimo hilohilo. Kati ya makao hayo mawili kuna nafasi isiyozidi unene wa ukucha, nao hawabadilishani. Usijikune kwa kusoma haya. Kwa walio wengi hawana madhara.

Tukirudi kwa mbwa. Chawa wa mbwa ameumbwa kwa manyoya na ngozi ya mbwa, haishi kwa mtu. Viroboto wake wanaweza kukuuma, hasa vifundoni, lakini hawatagi mayai kwenye nywele za mtoto. Hata hivyo, jifunze kuuliza "anajikuna wapi?" kwa sababu mahali panakutajia mhusika. Nyuma ya masikio na kisogoni, ukiona na mayai yaliyoganda kwenye nywele, ni chawa wa kichwani. Katikati ya vidole, viwiko na kiunoni, mwasho ukizidi usiku, fikiria upele, ambao ni utitiri unaochimba ndani ya ngozi na una dawa yake tofauti. Kiunoni na kwapani kwenye mstari wa mishono ya nguo, fungua mishono uitazame.

Sasa tiba, ambayo inafuata makao. Lowesha nywele, zipake kilainishi cha nywele kwa wingi, kisha pitisha kitana chenye meno yaliyokaribiana, fungu kwa fungu, kuanzia kwenye ngozi hadi nchani, ukipangusa kitana kwenye karatasi nyeupe kila mara. Rudia kila baada ya siku 3 au 4 kwa wiki mbili, au zaidi mpaka usiwaone tena. Kazi hii inachosha, sikufichi, na kwa nywele ndefu itakula saa nzima. Njia ya pili ni losheni ya permethrini ya asilimia 1 kutoka duka la dawa, iliyotengenezwa kwa ajili ya kichwa. Haiui mayai yote, kwa hiyo hurudiwa baada ya siku 9 hivi. Sehemu nyingi chawa wamekuwa sugu kwake, kwa mchujo uleule niliokueleza kwa njiwa: wachache waliokuwa na kinga walibaki wakazaa. Ukiona baada ya siku moja au mbili bado wanatembea kwa nguvu, usiongeze kipimo. Rudi kwenye kitana, au uliza dawa zenye dimethikoni, ambazo humfunika chawa na kumziba badala ya kumpa sumu. Dawa za mashamba na za kupulizia kunguni zisiguse kichwa cha mtoto kamwe.

Kunyoa kunafaa, kwa kuwa kunaondoa makao yenyewe, lakini si lazima, na binti wa miaka 8 anaweza kuumia moyo kwa kurudi shuleni na upara kuliko kwa chawa. Mwulize mwenyewe. Watazame wote wa nyumbani kichwani siku moja, pamoja na wewe, na mtibu kila mwenye chawa siku hiyohiyo. Foronya, shuka, kofia na vitana vya siku mbili zilizopita vifue au viloweke kwenye maji ya moto. Visivyofulika vifunge na kuviacha. Yatosha. Nguvu zilizobaki zipeleke kichwani, kwa kuwa huko ndiko wanakoishi.

Nenda kituo cha afya ukiona vidonda vinavyotoa usaha kichwani, tezi zilizovimba shingoni, au homa. Kujikuna hufungua njia kwa bakteria, nao wanahitaji dawa yao. Nenda pia ikiwa umetibu mara mbili kwa usahihi na bado unawaona hai, ikiwa kuna mtoto wa chini ya miezi miwili au mjamzito anayehitaji dawa, na ikiwa mtu yeyote mwenye chawa nguoni anapata homa kali na maumivu ya kichwa. Kwa mwanao aliyepakwa mafuta ya taa, kama ngozi imebabuka au alimeza hata kidogo akaanza kukohoa, usingoje kesho.

Na jambo moja la mwisho, nalisema polepole. Ukiwahi kuona chawa au mayai kwenye kope za mtoto, usiyang'oe mwenyewe na usitie dawa ya kichwa karibu na jicho. Huyo kwa kawaida ni chawa wa kinena. Anaweza kuwa amempata kwa kulala kitanda kimoja au kutumia taulo moja na mtu mzima mwenye chawa hao, lakini wakati mwingine huwa dalili kwamba mtoto ameguswa isivyopaswa. Mpeleke kwa daktari, mweleze ulichokiona, na umwache amchunguze na kuzungumza na mtoto kwa utulivu. Kwa hao wawili wako, kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili hiyo. Naona vichwa viwili, kitana, na wiki mbili za uvumilivu.